Zuweina na Kaburi la Zuweina

"...nimekufa! Mama, njoo uone, mimi nimekufa! Nimekufa zamani, nimezikwa, na tarehe yangu hii hapa!"

Lo! Nyinyi mliokuwa mkinisimamisha njiani wiki nzima kuniuliza Zuweina kaona nini ndani ya ule msahafu, ndicho hicho. Kaona jina lake. Na chini ya jina lake kaona kifo chake.

Na wewe uliyeazima gazeti kwa jirani leo kwa mara ya kwanza, vuta mkeka nikupe kwa ufupi.

Mzee Zahran alikuja Pemba kijana, kutoka Izki, huko Oman. Hana kitu ila jambia kiunoni na msahafu kwapani. Nyuma ya msahafu ule mna karatasi tupu, na humo ndimo alimoandika watu wake wote. Aliyezaliwa hapa kaandikiwa "amezaliwa." Aliyekuja kutoka nje, kama yeye mwenyewe, na mkewe, na nduguye aliyemfuata, kaandikiwa "ameingia." Aliyekufa kaandikiwa siku yake. Zahran alipoondoka duniani, kalamu akaishika mwanawe Thuwein. Thuwein naye alipofariki mwaka juzi, msahafu ukafungiwa kashani, na ufunguo ukaingia kibindoni mwa mjane wake, Bi Ghania.

Sasa Zuweina ndiye binti yao pekee. Mwalimu, katoka chuoni Unguja na cheti chake, na hivi juzi kapata nafasi ya kwenda kusoma Uingereza mwaka mzima. Furaha nyumba nzima! Lakini serikali inataka cheti cha kuzaliwa, na vitabu vya ofisi vimetafutwa, jina hamna. Akaambiwa: leta maandishi ya ukoo wenu, na mamako aje mbele ya kadhi, aweke mkono juu ya msahafu, aape kuwa amekuzaa. Siku ni Alkhamisi.

Yaani kesho.

Na kila Zuweina alipoomba ufunguo, Bi Ghania kichwa kinamuuma. Leo kaupoteza. Kesho kausahau. Mwisho Zuweina kamvizia mama yuko bafuni anaoga, kauchukua, kafungua kasha. Hapo ndipo tulipomwacha.

Haya, twende.

Bi Ghania alitokea mlangoni mbio, maji yanamchuruzika, kanga kaifunga kombo.

"Nani kakupa ufunguo?"

"Mama, soma hapa."

"Nimekuuliza, nani kakupa ufunguo wangu?"

"Nimeuiba. Haya, mwizi mimi, nikateni mkono. Soma kwanza!"

"Mimi nimefunzwa kusoma Kurani. Mkono wa babako siujui."

"Basi nitakusomea. 'Amezaliwa Zuweina binti Thuwein bin Zahran, mwezi wa Rajabu, mwaka 1356.' Huyo ni mimi, sivyo?"

Bi Ghania alijifunga kanga upya.

"'Amefariki Zuweina binti Thuwein, Ijumaa, tarehe ishirini na tatu ya mwezi wa Mfungo Tano, mwaka 1358. Umri wake mwaka mmoja na miezi saba. Amezikwa nyuma ya nyumba, chini ya mikarafuu.' Na huyu naye ni nani, mama?"

"Ni dadako," alijibu Bi Ghania upesi. "Kaburi si unalijua? Tangu udogo wako nakwambia ni la dadako."

"Dadangu ana jina langu?"

"Wewe ndiye una jina lake. Alikufa, ukazaliwa wewe, tukakupa la marehemu. Watu wangapi wanafanya hivyo? Jirani yetu Bi Mwatum ana Khamisi watatu, wawili wako chini ya ardhi."

Zuweina alikaa juu ya kasha, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Ah, mama! Nusura unitie wazimu! Wallahi nimejishika mapigo ya moyo kuona kama yanapiga!"

"Funga msahafu basi, tukale."

"Nafunga. Nionyeshe tu nilipoandikwa mimi, ninakili kwa ajili ya kesho."

"Labda babako alisahau."

"Baba?" Zuweina kageuka. "Baba aliyeandika mpaka siku mbuzi wake alipozaa mapacha? Baba asahau kuniandika mimi?"

Akageuza ukurasa.

Bi Ghania alinyoosha mkono kuuzuia, akachelewa.

Msomaji, ningeweza kukuficha mpaka wiki ijayo, lakini roho yangu haivumilii. Mstari wenyewe ulikuwa huu:

"Ameingia kwetu, Ijumaa, tarehe mosi ya Mfungo Sita, mwaka 1358, siku ya saba baada ya msiba wa Zuweina: mtoto mchanga wa kike, Time binti Ame. Amenyonya kwa Ghania."

Zuweina aliusoma mara moja kwa sauti. Mara ya pili aliufuata kwa kidole.

Ameingia.

Babu Zahran ameingia. Bibi ameingia. Nduguye babu ameingia. Halafu wote waliofuata wamezaliwa, wamezaliwa, wamezaliwa, mpaka ukafika kwa mtoto mmoja tu, na huyo naye ameingia.

"Mama. Time binti Ame ni nani?"

Bi Ghania aliteleza kwenye ukuta mpaka akakaa chini sakafuni.

"Mama!"

"Ni wewe."

Kulikuwa na kuku ndani ya chumba, kaingia kutafuta chenga za mchele. Watu wawili hawa walimtazama yule kuku kama ndiye aliyesema.

"Mwezi uliopita," Zuweina alisema pole pole, "nimekwenda mferejini Chake. Wasichana wakanizomea. 'We Mmanga, rudi kwenu Manga, hii Pemba ya wenyewe!' Nimelia njia nzima. Nawe ukanipangusa machozi, ukaniambia wapuuze. Kumbe... mimi wa wapi, mama?"

"Chokocho."

"Chokocho!" Akacheka kicheko kibaya. "Kwa hiyo humu ndani wageni ni nyinyi. Na ndani ya kitabu chenu mgeni ni mimi."

"Usiseme hivyo, mwanangu."

"Mwana wa nani?"

Neno lile lilimpiga Bi Ghania usoni kama kofi. Lakini alilipokea. Alianza kusema, na alisema anatazama mikono yake.

"Zuweina alikufa kwa homa ya siku tatu. Maziwa yangu hayakujua kuwa amekufa. Yanajaa, yanauma, nalia kwa mtoto na nalia kwa maziwa. Siku ya saba mkunga akaja na wewe ndani ya kanga. Akaniambia, huyu mamake kashikwa na homa ya uzazi, hana hata tone, na wewe unayo yanamwagika. Mnyonyeshe. Akikaa miaka miwili akiachishwa, utamrudisha."

"Na mamangu akakubali kunileta nyumba ya msiba?"

"Hakujua. Mkunga alimficha. Nani anampeleka mtoto mchanga kwenye nyumba iliyotoka maiti ya mtoto? Alimwambia tu kuna mke wa Mmanga kule Wesha ananyonyesha, maziwa tele. Basi. Yeye mwenyewe hajitambui kwa homa, wakamchukua kwao Micheweni kumuuguza. Wewe ukabaki hapa. Shamba hili siku zile halina jirani. Nikikubeleza, ulimi unataja Zuweina. Nikikuita, natamka Zuweina. Nawe ukageuza shingo ukanitazama. Basi ikawa ndiyo."

Zuweina kapiga magoti mbele yake. Hasira zimeanza kumtoka, huruma inaingia. Mtu kakulea hivi, utamfanya nini?

"Halafu? Miaka miwili ilipotimia?"

Bi Ghania aliokota unyuzi sakafuni.

"Mamako alifariki. Homa ile haikumwacha. Hakuna aliyekuja kukudai."

"Masikini," alisema Zuweina. "Masikini mamangu."

Akamkumbatia Bi Ghania, wakalia pamoja. Na hadithi hii ingemalizikia hapa, mimi nikaenda zangu kulala, kama msahafu haungeteleza mapajani mwa Zuweina ukafunguka kwenye jalada la nyuma.

Ndani ya jalada palikuwa na maandishi. Madogo, yamebanana, mkono wa Thuwein, lakini wino mwingine.

Zuweina alisoma kimoyomoyo. Bi Ghania alimwona midomo inavyocheza, akaona rangi inavyomtoka.

"Pana nini hapo?"

"Hujui?"

"Nimekwambia mkono wa babako siujui!"

"Kaandika hivi. 'Mwenye mtoto alikuja kumchukua. Mimi nilikuwa Unguja. Nimerudi nimekuta Ghania kamwonyesha kaburi la Zuweina wetu, na yule mama kaamini ni la mwanawe. Nilinyamaza, na dhambi ya kunyamaza ni yangu. Mama wa Time ni Mwanawema wa Chokocho. Yu hai. Atakayesoma haya, amrudishie haki yake.'"

Nyinyi! Mwanawema!

Najua hamjamsikia jina, lakini Zuweina alikuwa akimjua tangu hajaota meno ya ukubwani. Kila mwaka, mwezi wa Shaabani, kabla ya kufunga, anakuja mwanamke mmoja mwembamba kutoka Chokocho. Anapitia mlango wa uani, anakwenda moja kwa moja kwenye kaburi dogo chini ya mikarafuu, lile lililotiwa bakuli la kichina lenye ufa. Anakaa pale tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Zuweina mdogo akiuliza yule nani, anaambiwa: yule alikuwa yaya wa dadako, anamkumbuka.

Na Zuweina mdogo alikuwa akimpelekea maji kwa kata.

Kila mwaka! Anashika kata kwa mikono miwili asimwage, anapita baina ya mikarafuu, anamwambia kunywa, bi. Na Bi Mwanawema anakunywa, anamwekea mkono kichwani, anasema: "Mungu akukuze, mwanangu."

Kisha anageukia kaburini na kumlilia mwanawe.

"Nilikuwa nampelekea maji," alisema Zuweina. Hakupiga kelele tena. "Mama. Ulikuwa unanitia kata mkononi wewe mwenyewe. 'Nenda kampe yule bibi maji.' Ulikuwa unatazama dirishani."

"Nilikuwa natazama."

"Uliwezaje?"

"Sikuweza. Nilikuwa nakutuma nikisema leo atamjua. Leo atamwona macho, atamjua, na mimi nitapumzika. Mwaka ule hakukujua. Mwaka uliofuata hakukujua. Kwa nini akujue? Yeye anajua wewe ni mwanangu."

"Ulimwambiaje siku ile?"

Bi Ghania aliunyanyua mkono wake wa kulia, akautazama kama si wake.

"Nilimwona tangu mbali anapanda njia, anajikongoja na fimbo. Nikakulaza ndani, nikafunga mlango. Nikasema nitakutoa. Wallahi nilikwenda mlangoni kukutoa. Akaniuliza, 'Bibi, mwanangu yuko wapi?' Mimi nikaanza kulia, nikamkumbuka wangu, na mkono huu ukanyooka kule mikarafuuni. Sikutamka neno. Nilikuwa namwonyesha mwanangu mimi! Yeye akaanguka. Alipozinduka nikataka kumwambia, nikafungua mdomo... na wewe ukalia ndani. Akaniuliza, 'Nani analia?' Nikamwambia, 'Ni Zuweina wangu.'"

Hapo akafunika uso.

"Na mkono huo huo," alisema Zuweina, "kesho utauweka juu ya msahafu."

"Siwezi. Uongo nimeukalia miaka kumi na minane, lakini kuuapia siwezi. Ndiyo maana nilificha ufunguo. Sikuogopa alivyoandika babako, sikujua hata kama kaandika. Nilikuwa naogopa kesho."

Na hapo hapo, jamani, sikubuni:

"Hodi! Hodi wenyewe! Kuna watu au nrudi zangu?"

Sauti ya uani. Mwezi wa Shaabani. Zimebaki siku saba kufunga.

Bi Ghania alimshika Zuweina kwa mikono yote miwili, kucha zikamwingia.

"Usimwambie! Zuweina, usimwambie leo!"

"Niachie, mama."

"Sikwambii usimwambie kabisa. Nakuomba leo tu. Nipe mpaka kesho. Kesho mbele ya kadhi nitalisema mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nimemdhulumu mimi, nimwombe radhi mimi. Ukimwambia wewe nitabaki mwizi aliyefumaniwa. Leo tu! Yeye siku zote hulala hapa Wesha kwa shogake, kesho atakuwepo. Niapie!"

Msimlaumu Zuweina. Ungefanya nini wewe, mtu aliyekunyonyesha kakaa miguuni pako na nywele zimelowa? Aliweka mkono juu ya msahafu wa babu Zahran, akaapa kuwa leo hatamwambia.

Kisha akajipangusa uso, akatoka uani.

"Shikamoo, Bi Mwanawema."

"Marahaba, mwanangu. Lo, tizama! Ushakuwa ntu nzima. Nasikia unakwenda Ulaya kuwafunza Wazungu kusoma."

"Nakwenda kufunzwa, bi."

"Bado tu hujesha kusoma? Basi hicho kitabu kinene."

Alicheka na meno yake manne. Na Zuweina, kwa mara ya kwanza maishani, alimtazama. Kidevu kile. Pengo lile baina ya meno ya mbele, ambalo yeye chuoni alikuwa akilifunika na mkono akicheka, asichekwe. Vidole vya miguu, cha pili kirefu kuliko cha kwanza. Akatazama vyake ndani ya makubazi, akataka kukimbia.

"Bi Ghania yuko wapi?"

"Kichwa kinamuuma."

"Mpe pole. Mie sikai, mwanangu. Gari ya saa tisa ndo yangu."

"Hulali Wesha leo?"

"Leo silali. Nahamia Micheweni kwa kaka yangu. Miguu hii yavimba, na Chokocho sina ntu wa kuntekea maji. Nimekuja kumuaga ntoto tu."

"Utarudi lini?"

"Nrudi na miguu ya nani?"

Akaenda zake mikarafuuni, akajisogeza hatua moja moja. Zuweina akabaki kasimama uani na kiapo chake. Leo hawezi. Kesho huyu hayupo. Na dirishani, nyuma ya nondo, pana uso wa Bi Ghania.

Alichota maji kwa kata. Ile ile. Akaishika kwa mikono miwili, akapita baina ya mikarafuu.

Bi Mwanawema alikuwa keshakaa, anaondoa majani makavu kaburini kwa kiganja, kama mtu anayemtoa mtoto takataka usoni.

"Kunywa, bi."

"Mungu akukuze, mwanangu." Akanywa kidogo, yaliyobaki akayamwagia kaburi. "Kaa. Leo nna shida na weye, kwa kuwa umesoma."

"Shida gani?"

"Mwaka jana walikuja watu wa kuhesabu watu. Karani kaniuliza, 'Bibi, una watoto wangapi?' Nikamwambia mmoja. Akaandika. Akauliza, 'Yuko wapi?' Nikamwambia yuko Wesha, chini ya mikarafuu ya Mmanga. Akafuta. Akasema, 'Bibi, waliokufa hatuwaandiki.' Hakunionea, ndo kazi yake. Lakini mie sikulala siku ile. Nikasema, basi mwanangu hana hata pahala pamoja tu duniani alipoandikwa. Alikaa siku nane na mie, miaka miwili na nyie, akenda zake. Mie nikifa, nani atajua kama alikuwepo?"

Zuweina aling'ata ukingo wa mtandio wake.

"Sasa weye wajua kuandika. Niandikie jina lake. Popote, hata karatasi ya sukari. Nitakwenda nayo Micheweni, na nikifa nitasema nizikwe nayo."

Mfukoni mwa gauni la Zuweina mlikuwa na kipande cha karatasi na penseli, alivyokuwa amevitayarisha kunakili kuzaliwa kwake. Akaviweka juu ya goti. Goti si meza, mstari ukapinda.

"Anaitwa Time," alisema Bi Mwanawema. "Time binti Ame. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Nisomee."

"Time binti Ame."

"Na mie ntie. Mamaake."

"Time binti Ame. Mamake Mwanawema."

Bi Mwanawema aliipokea karatasi, akaishika juu chini, akaitazama kwa muda mrefu. Hajui hata herufi moja, masikini, lakini alipitisha kidole kila mahali penseli ilipopita.

"Jina la ntoto wangu limepinda," akasema. "Kama linacheka."

Zuweina akataka kusema. Alifungua mdomo. Akaiona nondo ya dirisha na vidole vilivyoishika. Akafunga mdomo.

Sasa nikwambieni kitu alichokikumbuka pale. Alikuwa na miaka minne au mitano. Siku za Ijumaa, Bi Ghania naye alikuwa akija hapa hapa, anainama, anaita, "Zuweina! Zuweina, mwanangu!" Na Zuweina mdogo, popote alipo, jikoni au shimoni anachimba mchanga, anapaza sauti, "Labeka, mama!" Anakuja mbio. Na mama anageuka upande, halii mbele yake, anamshika mkono, wanarudi ndani. Hakuwahi kujua kwa nini akiitwa na akiitika mamake hugeuka upande.

Leo anajua. Miaka yote aliitika jina lisilokuwa lake. Lake lilikuwa likiitwa mara moja kwa mwaka, hapa hapa, yeye akiwa kesharudi ndani na kata yake, na hakuna aliyewahi kuliitika.

Bi Mwanawema aliikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la kanga, mafundo mawili. Akajaribu kuinuka, miguu ikamkatalia. Akajaribu tena. Zuweina akamshika kwapa, akamsimamisha. Mwepesi kama kikapu kitupu.

"Ahsante, mwanangu. Ngoja nimuage."

Akainama kaburini.

"Mwanangu, mamaako nakwenda zangu. Mbali. Usinione kimya ukadhani nimekusahau. Nimekuandikisha, sikiliza, jina lako liko hapa kwenye kanga yangu. Nimekuja mara kumi na nane, na kila nikija nakuita, nakuita. Sasa nakuita mara ya mwisho, mama. Basi."

Akajinyoosha kidogo, akapaza sauti, kama mama anavyomwita mtoto aliyekwenda kucheza mbali na jua linakuchwa na chakula kishaiva:

"Time! Weee Time!"

"Labeka, mama!"

Ilimtoka. Haikupita kichwani, haikuuliza kiapo, haikuuliza mtu. Ilimtoka Zuweina kifuani kama ilivyokuwa ikimtoka mtoto wa miaka minne, na ikawa imeshasemwa.

Kule nyumbani kitu kilianguka. Uso haupo tena dirishani.

Bi Mwanawema hakugeuka. Alibaki vile vile, mgongo wake kwa Zuweina, macho kwenye bakuli la kichina.

"Miaka kumi na minane naita hapa," alisema kwa sauti ndogo. "Leo ndo nimeitikiwa."

Zuweina aliinama kuokota kata.

"Nani kaitika, mwanangu? Kaburi au weye?"

Mlango wa uani ulilia. Bi Ghania alikuwa katoka, kichwa wazi, msahafu kaukumbatia kifuani, kasimama kwenye kizingiti. Hasogei mbele, harudi nyuma. Kwa mbali, barabara ya Chake, gari ilipiga honi ya kukusanya abiria.

Bi Mwanawema akageuka sasa. Alimtazama Zuweina kidevu. Akamtazama meno. Polepole akashusha macho mpaka kwenye makubazi, kwenye kile kidole cha pili, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye fundo la kanga.

"Sema, mwanangu. Gari yangu hiyo yaondoka."

"Iache iende," alisema Zuweina, machozi yanamwingia mdomoni. "Nimeapa, leo siwezi. Lala kwetu, lala chumbani kwangu, kitandani kwangu. Kesho asubuhi tutakwenda sote watatu kwa kadhi, na lililobaki utaambiwa lote. Kesho, mama. Kesho."